Kukokotoa kasi ya ndoo ya kisima kwa hifadhi ya nishati

Chukua gogo la mcheduara lenye tungamo la kilo 8, lililolazwa juu ya kisima likizunguka kwenye mhimili wake, na ndoo ya kilo 4 inayoning'inia kwa kamba nyepesi iliyozungushiwa gogo hilo. Ndoo inaachiwa ikiwa imetulia, nasi tunatafuta kasi yake baada ya kushuka mita 4.

Kwanza hakikisha kwamba hakuna nishati inayopotea: msuguano kwenye mhimili upuuzwe, na kamba isiteleze juu ya gogo. Kisha andika nishati ya mwanzo, mgh (tungamo la ndoo m, mara mchapuko wa mvutano wa dunia g, mara kimo cha kushuka h), ambayo kwa g = 10 ni jouli 160.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa kuipa ndoo nishati yote na kupata takriban mita 8.9 kwa sekunde, ilhali gogo nalo linazunguka na lazima lipate fungu lake, ½Iω², ambapo I ni inesha ya gogo, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa, na ω ni kasi yake ya kuzunguka. Kwa mcheduara usio na uwazi ndani, I = ½MR², M ikiwa tungamo la gogo na R nusu kipenyo chake; na kwa kuwa kamba haitelezi, kasi ya ndoo ni v = ωR, hivyo fungu la gogo ni ¼Mv², na nusu kipenyo, ambacho swali halikukitaja, kinajifuta chenyewe. Fungu la ndoo ni ½mv², hivyo mlinganyo unakuwa 160 = 2v² + 2v², na v ni takriban mita 6.3 kwa sekunde.

Mkazo wa kamba haukuhitajika popote. Ukiulizwa muda, gawanya mita 4 kwa wastani wa kasi, 3.16, maana mchapuko haubadiliki. Utapata kama sekunde 1.3.