Kipandauso na joto la Lamu: jipange kabla hujapanda basi

Kama una kipandauso (migraine, kile kichwa cha kugonga upande mmoja) kama mimi, safari ya Mombasa mpaka Lamu mwezi wa pili au wa tatu usiichukulie poa. Kwanza maji, na usingoje kiu, beba chupa yako unywe kidogo kidogo toka alfajiri, wengi wanajinyima eti wasimsumbue dereva kusimama, halafu wakifika Malindi jicho moja linagonga kama ngoma. Hapo Malindi kula kitu hata mahamri mawili, njaa nayo inaamsha kichwa. Asubuhi jua liko kulia kwa hivyo kaa siti ya kushoto. Kazi yenyewe iko Mokowe, pale unaposhuka basi uvuke kwa boti kwenda Lamu, bahari inamemeta mpaka macho yanauma, vaa miwani nyeusi na kofia pana au jitande leso kabla hujaingia boti. Kahawa kunywa ile uliyozoea, usizidishe wala usiache ghafla. Dawa ziwe kwenye mkoba wako, si kwenye buti la basi (nilishawahi, nikajuta), meza dalili zikianza tu, ila ukiona unazimeza zaidi ya siku mbili kwa wiki muone daktari, zikizidi zenyewe ndio zinaleta kichwa.