Mambo ya Kufanya Wakati Mzazi Anasubiri Majibu ya Vipimo vya Saratani ya Damu

Daktari anapotamka kwamba huenda baba au mama ana saratani ya damu, kisha akaagiza vipimo zaidi, familia nyingi huishia kukaa zikingoja kuitwa hospitalini. Kipindi hicho kina kazi zake, na nyingi ni za watoto.

Kwanza, eleweni kinachotafutwa. Kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hospitali za Tanzania hukiita FBP, huhesabu seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Majibu yake huweza kuzua shaka, lakini pekee hayathibitishi saratani, kwa sababu kifua kikuu, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya VVU na hata malaria ya mara kwa mara iliyovimbisha bandama huvuruga hesabu hizo. Ndiyo maana mzazi hupewa rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu, ambako damu hutazamwa kwa hadubini na, mara nyingi, uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, huchukuliwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Mwelezeni mapema kwamba atachomwa ganzi, kwamba uboho unapovutwa atasikia maumivu makali ya muda mfupi, na kwamba sindano hiyo haiingii kwenye uti wa mgongo. Hofu ya kupooza huwafanya baadhi ya wazee wakatae, nao hawastahili lawama ikiwa hakuna aliyewaeleza.

Sampuli ikishatolewa, ifuatilieni. Ulizeni inapelekwa maabara gani, namba yake ya usajili ni ipi, majibu yanatarajiwa lini na yatapokelewa na nani, kwani baadhi ya vipimo, hasa vile vya vinasaba, hufanyika mbali na hospitali mliyopo. Pigeni picha kila fomu na kila jibu. Ulizeni pia kama bima ya mzazi inagharamia kila kipimo, na kama fedha haitoshi, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla tarehe ya kipimo haijapita.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni dawa. Msimpe mzazi prednisoloni wala deksamethasoni kwa ushauri wa duka la dawa, maana dawa hizo zaweza kuyeyusha kwa muda uvimbe wa tezi na kuuficha ugonjwa, hata kipande cha tezi kikachukuliwa kupimwa bila kuonyesha kitu. Lakini kama alikuwa akizitumia tangu zamani kwa maradhi mengine, asiziache ghafla, bali daktari aarifiwe. Diklofenaki na aspirini nazo zina hatari: huongeza uwezekano wa kutokwa damu chembe sahani zikiwa chache, na diklofenaki huumiza figo, ambazo katika mieloma, aina mojawapo ya saratani ya damu, huenda tayari zimeelemewa. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila kuficha. Joto la mwili likifika nyuzi 38, au damu ikitoka puani au kwenye fizi bila kukoma, au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali usiku huohuo badala ya kungoja siku ya kliniki.

Kuhusu kumficha mgonjwa, naamini mzee mwenye akili timamu ana haki ya kujua kinachopimwa mwilini mwake. Muulizeni anataka kuelezwa kiasi gani, na angependa nani aingie naye kwa daktari.

Siku ya majibu aende na mtu wa kuandika. Ulizeni jina kamili la ugonjwa na kasi yake. Lukemia, yaani saratani ya seli za damu inayoanzia kwenye uboho, ikiwa sugu kwa kawaida huwapa nafasi ya kupanga, na aina mojawapo, ile ya mieloidi, hutibiwa kwa vidonge kama imatinibu. Lukemia ya ghafla haisubiri: daktari akisema matibabu yaanze sasa, kikao cha ukoo kifanyike kwa simu, mgonjwa akiwa ameshalazwa.