Chaja ya gari la umeme nyumbani: namna ya kuikagua na kuitunza kwa usalama

Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 huvuta ampea 32 bila kupumzika, mara nyingi saa sita hadi nane mfululizo. Vifaa vichache sana nyumbani hufanya kazi hivyo. Pasi hukata ikishapata moto, friji huwaka na kuzima, hita husimama maji yakishachemka. Ndiyo maana skrubu iliyolegea kidogo, ambayo kwenye soketi ya sebuleni ingekaa miaka bila kugundulika, kwenye chaja huunguza.

Hesabu yake ni fupi. Joto linalozaliwa kwenye kiungo, yaani mahali waya unapobanwa na skrubu, ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kiungo kizuri chenye ukinzani wa omu 0.001 hutoa takriban wati moja kwa ampea 32. Kiungo hichohicho kikilegea hadi omu 0.05 hutoa wati 51, tena ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa. Shaba ikipata moto huota oksidi, ukinzani unapanda, joto linazidi, plastiki inayoshika skrubu inalainika, na skrubu inalegea zaidi. Ubao wa kielektroniki ukiharibika, kwa kawaida chaja huonyesha hitilafu na kukataa kuchaji. Kiungo kinachopata moto kinaweza kuendelea hivyo bila breka (swichi ya kinga inayokata umeme mkondo ukizidi) kukata, kwa sababu mkondo wenyewe haujazidi. Kwa hiyo kutunza chaja, kwa sehemu kubwa, ni kutafuta joto pasipotakiwa joto na maji pasipotakiwa maji.

Kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi

Boksi la ukutani halibadilishi umeme wa nyumbani kuwa wa DC (umeme wa mkondo mnyoofu) kwa ajili ya betri; kazi hiyo hufanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Boksi lina relei za kuruhusu na kukata umeme, ubao unaowasiliana na gari, na vifaa vya kinga. Ndani yake hamna kitu kinachokuhitaji ukisafishe au ukipake grisi. Wewe kagua, futa, bonyeza kitufe cha majaribio na pima joto, mfuniko ukiwa umefungwa. Kilichoko nyuma ya mfuniko na ndani ya boksi la breka mwachie fundi umeme mwenye leseni. Usidhani kuzima breka kunatosha: lebo inaweza kuwa imebandikwa kwenye breka isiyo yake, au nyaya mbili zimebadilishwa. Fundi mzuri hupima kwa tesita ya ncha mbili, na kabla na baada ya hapo huijaribu tesita yenyewe mahali penye umeme ili ajue kwamba nayo ni nzima.

Kila unapochaji

Simamisha kuchaji kwanza, kwenye gari au kwenye programu ya simu, kisha ndipo uchomoe. Plagi ya Aina ya 2 hufungwa na gari lenyewe hadi umeme ukatike. Ya Aina ya 1 ina kitufe kwenye mpini. Ukikibonyeza, gari hupata ishara ya kusimamisha mkondo kabla pini hazijaachana. Ukiona kitufe hicho kimelegea au kimevunjika, usiendelee kuitumia plagi hiyo, maana pini zikiachana umeme ukiwa unapita, cheche hutoboa vijitundu kwenye chuma, na vijitundu hivyo ndivyo vitakavyopata moto baadaye.

Kila baada ya matumizi rudisha plagi kwenye kishikio chake, mdomo ukitazama chini au mbele, kamwe usitazame juu. Kebo izungushe kwa mizunguko mipana. Wakati wa kuchaji iachie isambae, kwa sababu kebo iliyorundikwa kwa kubana haina pa kutolea joto. Usiipitishe chini ya tairi wala kwenye upenyo wa mlango wa chuma. Nje itaonekana nzima huku nyuzi za ndani zimeanza kukatika.

Waya wa kuongezea urefu usitumike kabisa, hata ule mnene. Na kama unatumia kebo ndogo ya kubeba inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida, iwekee kiwango cha chini, ampea 8 au 10, na soketi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Ikague soketi hiyo mara nyingi kuliko unavyokagua chaja ya ukutani, kwa kuwa haikutengenezwa kubeba mzigo wa usiku kucha.

Kipimo cha joto

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji kufungua kitu. Kifanye mara moja kwa mwezi, na pia wiki ya kwanza baada ya chaja kufungwa. Acha gari lichaji kwa nguvu zote dakika 45 hadi 60. Kisha gusa kwa mgongo wa mkono: mpini wa plagi, mahali kebo inapoingia kwenye mpini, mahali inapoingia kwenye boksi, uso wa boksi, na mfuniko wa boksi la breka. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa sekunde tano, simamisha kuchaji.

Kipimajoto cha miale kinasaidia zaidi kwa sababu kinakupa namba ya kuandika. Kumbuka kwamba hudanganywa na chuma kinachong'aa, ambacho huonekana cha baridi kuliko kilivyo. Pima plastiki, au bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na upime juu yake. Andika joto la hewa pembeni ya kila namba. Mpini wenye nyuzi 45 za Selsiasi siku ya nyuzi 35 hauna shida, lakini nyuzi 45 siku ya nyuzi 15 zinataka maelezo. Ukiona nyuzi 60 au zaidi, chaja ipumzike mpaka fundi aje. Mwezi hadi mwezi, kinachotakiwa kukushtua ni namba inayopanda huku hali nyingine zote zikiwa zilezile.

Halafu chukua tochi, zima breka, na utazame mdomo wa plagi kwa karibu. Plastiki inayozunguka pini nzima ni nyeusi yenye mng'ao. Iliyopata moto hupauka na kuwa ya kijivu, au huweka mduara wa kahawia kuzunguka pini moja, mara nyingi ile ya laini (inayoleta umeme) au nyutro (inayourudisha). Pini yenyewe hupoteza mng'ao na kuingia rangi ya buluu au nyeusi. Plagi ya hivyo haisafishwi kwa msasa. Msasa unaondoa madini ya juu yaliyopakwa kuzuia kutu, na wiki chache baadaye hali inakuwa mbaya zaidi. Badilisha kebo nzima, na kagua tundu la gari pia, kwani pini iliyoungua huharibu mwenzake. Pua nayo itumie: plastiki ya umeme inayoungua polepole mara nyingi hunuka kama samaki aliyeoza, hata kabla moshi haujaonekana.

Kusafisha

Zima breka. Futa boksi na kebo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yenye sabuni laini, kisha kwa kikavu. Usitumie petroli, tina wala spiriti, kwani hupasua plastiki. Mashine ya kuoshea gari kwa presha usiielekeze kwenye chaja hata kwa mbali, maana gasketi (mipira ya kuziba) za boksi hili zinahimili mvua, hazihimili mkondo wa maji wa presha. Vumbi lililoingia kwenye mdomo wa plagi litoe kwa brashi kavu ya nailoni. Usipulizie mafuta ya aina yoyote. Hunasa vumbi na kutengeneza tope. Maji yakiingia kwenye plagi, igeuze mdomo chini, itikise, na uiache mahali penye hewa hadi ikauke kabisa.

Chungulia chini ya boksi. Kebo inatakiwa iingie kutoka chini, ikiwa imeshuka kwanza kabla ya kupanda, ili matone yadondokee kwenye mkunjo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Gasketi iliyokakamaa au tundu lililoachwa wazi ni njia ya sisimizi, na sisimizi wanapenda sana kujaa kwenye relei.

Kitufe cha majaribio

Kila chaja inatakiwa ilindwe na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Angalau kila miezi sita, na kila mwezi kama chaja iko nje, simamisha kuchaji, bonyeza kitufe chenye herufi T, na kifaa kikate papo hapo. Kisipokata, usichaji tena hadi kibadilishwe. Kitufe hiki huthibitisha kwamba mtambo wa kukata unafanya kazi. Hakisemi lolote kuhusu waya wa ardhi.

Muulize fundi aina ya RCD iliyofungwa. Inayofaa ni ya Aina B, au ya Aina A ikiwa chaja yenyewe ina kinga ya kukata DC ya miliampea 6. DC ikivuja kutoka kwenye gari hushibisha kiini cha sumaku cha RCD ya kawaida na kuipofusha, kiasi kwamba mtu akishika waya haitakata. Aina AC haifai kwa kazi hii.

Mara moja kwa mwaka, na fundi

Fundi aje na bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, na afuate namba ya niutoni-mita iliyoandikwa kwenye kijitabu cha chaja na kwenye breka. Kukaza kwa kukisia kuna madhara pande zote: kukaza pungufu huleta joto, kukaza kupita kiasi hukata nyuzi au hupasua kishikio. Waya wa nyuzi nyembamba uvishwe kikofia cha kubana kwenye ncha. Usichovywe kwenye risasi ya kulehemu, maana risasi hutambaa taratibu chini ya skrubu na kiungo hulegea chenyewe. Waya uliobadilika rangi ukatwe hadi shaba safi, na breka iliyoungua ibadilishwe.

Apime pia njia ya waya wa ardhi, na muda wa RCD kukata, ambao kwa miliampea 30 hautakiwi kuzidi milisekunde 300. Akipima insulesheni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) kwa volti 500, atenganishe kwanza ubao wa chaja na gari liwe limechomolewa, la sivyo kipimo kitaunguza ubao.

Umeme ukikatika

Angalia muda. Breka ikikata papo hapo kuna shoti. Usiirudishe tena na tena. Ikikata baada ya nusu saa au zaidi, tatizo mara nyingi ni joto: skrubu ya breka imelegea, boksi linapigwa jua, au breka zimebanana mno. Mtu akikushauri uweke breka kubwa zaidi, kataa. Breka inalinda waya uliomo ukutani, na waya haujaongezeka unene.

RCD ikikata mara tu unapochomeka, kuna unyevu kwenye plagi au hitilafu kwenye gari. Chaji gari hilo kwingine, na ukiona hali ni ileile, tatizo ni la gari. Ikikata siku za mvua tu, maji yanaingia mahali. Chaja ikigoma na kuonyesha hitilafu ya ardhi wakati wa jenereta tu, mara nyingi nyutro ya jenereta haijaunganishwa na ardhi. Hilo ni la fundi. Usiidanganye chaja kwa kipande cha waya.

Kama chaja inapata joto kuliko kawaida lakini hakuna harufu wala alama ya kuungua, punguza kiwango kutoka ampea 32 hadi 16 wakati unamsubiri fundi. Mkondo ukipungua nusu, joto kwenye kiungo hushuka hadi robo. Ila hitilafu ya relei iliyogandana ni nyingine: hapo boksi halina uwezo wa kukata umeme lenyewe, hivyo zima breka na uiache imezimwa.

Ukiona moshi au moto, usishike plagi. Kata umeme kwenye swichi kuu ikiwa unaifikia salama, toa watu nje, ita zimamoto na uwaambie kuna gari la umeme. Kizimamoto cha poda kavu au cha kaboni dayoksaidi kinafaa kwa moto mdogo wa boksi. Moto wa betri ya gari usiukaribie. Na chaja iliyowahi kuzama kwenye mafuriko isiwashwe tena hata ikikauka: fundi atenganishe waya wake kwenye boksi la breka, kisha ifungwe mpya.