Jinsi ya kusoma joto la bahari kabla ya mvua za vuli

Anza na ramani ya tofauti ya joto la uso wa bahari, si ya joto lenyewe. Nyuzi 28 peke yake hazikuambii kitu. Unataka kujua maji yamezidi au yamepungua kiasi gani kuliko wastani wa miaka 30 wa mwezi huohuo.

Kwa vuli ya Afrika Mashariki, Oktoba hadi Desemba, tazama kwanza Bahari ya Hindi. Chukua wastani wa tofauti upande wa magharibi (longitudo 50 hadi 70 mashariki, latitudo 10 kusini hadi 10 kaskazini), kisha toa ule wa karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia (longitudo 90 hadi 110 mashariki, latitudo 10 kusini hadi ikweta). Mfano, magharibi +0.6, mashariki −0.5: jibu ni +1.1. Likikaa juu ya +0.4 kwa wiki kadhaa, hewa yenye unyevu hupanda zaidi upande wa Afrika, na uwezekano wa mvua kubwa huongezeka. Likiwa hasi, jiandae kwa ukavu.

Ndipo uende Pasifiki kuangalia El Niño, yaani maji ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopata joto kuliko kawaida. Wengi huanzia huko, na hapo ndipo wanapopotea: mwaka 2019 vuli ilileta mafuriko bila El Niño yenye nguvu, kwa sababu joto la Bahari ya Hindi lilikuwa limeegemea magharibi.

Usipige hesabu hii Aprili ukaiamini. Tofauti hiyo kwa kawaida hujitokeza kuanzia Juni, hivyo rudia kila wiki Julai hadi Septemba. Kwa masika usiitegemee kabisa. Uhusiano wake ni dhaifu.