Daftari la fedha za kampeni ya ubunge Tanzania: namna ya kulifungua, kulijaza na kulifunga

Nimeshika hesabu za wagombea ubunge tangu uchaguzi mkuu wa 2010, mwaka ambao Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilianza kufanya kazi. Rais Kikwete aliitia saini Ikulu Machi 17, 2010, na Oktoba mwaka huohuo tukapiga kura. Wengi tuliisoma sheria hiyo huku magari ya matangazo yakipita nje. Tangu hapo nimeona kosa moja likirudiwa kila uchaguzi: mgombea anatafuta mtu wa hesabu baada ya kuteuliwa, wakati sheria imeanza kumtazama tangu mchakato wa uteuzi ndani ya chama. Fedha aliyotumia kwenye kura za maoni za chama haina risiti, haina jina la mtoaji, na aliyeitumia hakumbuki tena ilikwenda wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo: mweka hazina, wakala, au ndugu wa mgombea anayeaminika na fedha. Nauandika kwa ubunge kwa sababu ndio ninaoujua kwa mkono wangu.

Hatua ya 1: Weka sheria zote mbili mezani

Ya kwanza ni Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, Sura ya 258. Hiyo inahusu mfuko wa chama: ada za wanachama, michango ya hiari, mapato ya miradi ya chama, misaada, na ruzuku ya Serikali. Hesabu za chama hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG.

Ya pili ni Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010, Sura ya 278. Hii ndiyo inayomgusa mgombea moja kwa moja, na msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Watu huchanganya hapa. Fomu ya uteuzi unairudisha kwa msimamizi wa uchaguzi wa Tume ya Uchaguzi, lakini habari za fedha ni za Msajili, kupitia chama chako. Ukipeleka karatasi za fedha kwa msimamizi wa uchaguzi ukadhani umemaliza, hujamaliza.

Sheria zote mbili zilifanyiwa marekebisho mwaka 2024. Siku na viwango nitakavyovitaja hapa ni vile vilivyoandikwa sheria ilipotungwa 2010, basi usitembee na nakala ya zamani uliyotumiwa na rafiki kwenye simu. Nenda ofisi ya Msajili au kwa katibu wa chama wa wilaya, omba nakala yenye marekebisho, uandike tarehe zako pembeni kwa kalamu.

Jambo jingine la kumweleza mgombea mapema: ruzuku ni ya chama. Akiambiwa "makao makuu wataleta", muulize ni kiasi gani, lini, na nani amesema hivyo kwa maandishi. Kama hakuna maandishi, usiiweke kwenye bajeti.

Hatua ya 2: Fungua daftari siku mgombea anapotia nia

Nunua daftari kubwa la jalada gumu. Kompyuta ni nzuri, lakini kule tunakofanya kampeni umeme hukatika, na daftari lenye kurasa zilizoandikwa namba halibishaniwi kirahisi. Gawa kurasa safu saba: tarehe, maelezo, idadi, bei, jumla, aliyelipa, namba ya risiti.

Ingizo linalotosha ni hili: "Jumanne, dizeli ya gari la matangazo, lita 60, sh. 3,000, jumla 180,000, amelipa mgombea, risiti na. 14." Ingizo lisilotosha ni "mafuta, laki mbili". Ukikutana na la pili, mtafute aliyeandika siku hiyohiyo. Kesho atakuwa amesahau, na keshokutwa atabuni.

Fungua pia akaunti ya benki ya kampeni peke yake, na laini moja ya simu kwa miamala ya kampeni. Mgombea asipokee mchango kwenye laini yake ya kila siku, ile ambayo shemeji anamtumia ada ya watoto. Nimewahi kukaa usiku mzima na taarifa ya miamala ya mgombea mmoja, tukitenganisha mchango na karo na deni la saruji. Tulimaliza alfajiri, na bado kulikuwa na miamala kumi na moja ambayo hakuna aliyeweza kuieleza.

Hatua ya 3: Tamko la fedha kabla ya uteuzi

Sheria ya 2010 ilimtaka mgombea kukitaarifu chama chake, siku 30 kabla ya siku ya uteuzi, fedha alizonazo na anazotarajia kupokea kwa ajili ya uchaguzi. Kaa naye faragha kwa hili. Wagombea wengi huona aibu kusema wana kidogo, wengine huogopa kusema wana kingi. Mwambie kwamba kiasi atakachotamka kitakuja kulinganishwa na alichotumia. Ukitamka milioni 10 kisha marejesho, yaani hesabu za mwisho baada ya uchaguzi, yakaonyesha 40, lazima 30 ziwe na wenyewe, kwa majina.

Hatua ya 4: Ujue ukomo, kisha uweke wa kwako chini yake

Waziri hutangaza kwenye Gazeti la Serikali kiwango cha juu cha gharama. Kiwango hakifanani majimbo yote, kwa sababu sheria inamtaka azingatie ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Tafuta tangazo hilo, soma mstari wa jimbo lako, na usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Mimi huchora mstari mwekundu kwenye asilimia 85 ya ukomo. Wiki ya mwisho ya kampeni wafuasi hukodi bodaboda, hupika, huchapisha mabango bila kukuuliza, na wote watakuja na bili wakisema ni kwa ajili ya mgombea. Zile asilimia 15 ni za siku hizo.

Hatua ya 5: Michango, na hasa michango ya vitu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo hesabu nyingi huharibikia. Fedha taslimu angalau watu huihesabu. Kitu ambacho hakikulipiwa, kila mtu hukiona ni bure.

Tuseme mfanyabiashara wa mazao anatoa Fuso lake kwa siku tano, na dereva. Mgombea anashukuru, gari linabeba jukwaa na vipaza sauti, siku ya sita linarudi kwa mwenyewe. Kwenye daftari la mtu asiyejua, hakuna kitu. Kwenye langu kuna mistari miwili. Kwanza naulizia bei ya kukodi gari la namna hiyo pale mjini, wakisema sh. 200,000 kwa siku, naandika mchango wa sh. 1,000,000 upande wa mapato, kwa jina la mtoaji. Halafu naandika gharama ya usafiri ya sh. 1,000,000 upande wa matumizi. Daftari linabaki sawa pande zote, na ukomo unasogea kama unavyopaswa kusogea. Fanya hivyohivyo kwa ukumbi uliotolewa bure, mchele wa kulisha timu, na msanii anayesema ataimba kwa mapenzi tu.

Kila mtoaji apewe stakabadhi yenye jina lake kamili, anwani, kiasi na saini mbili. Anayekataa kuandikwa jina, mrudishie mchango wake. Najua ni vigumu, maana mara nyingi ndiye mwenye fungu nono. Lakini mtu anayetaka kumpa mbunge fedha bila kujulikana ana jambo analolitaka kutoka kwa mbunge huyo, na wananchi wa jimbo wana haki ya kulijua kabla ya kupiga kura.

Mchango unaozidi sh. milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, au milioni 2 kutoka kwa taasisi, uliwekewa sharti la kutaarifiwa kwa Msajili ndani ya siku 30 tangu kupokelewa. Usisubiri ufike mwisho wa kampeni ukusanye yote. Kila mchango wa namna hiyo uandikie barua yake wiki hiyohiyo, na upate sahihi ya kupokelewa.

Fedha za kutoka nje ya nchi kwa ajili ya uchaguzi zina dirisha linalofungwa: siku 90 kabla ya uchaguzi mkuu, siku 30 kabla ya uchaguzi mdogo. Ndugu walioko Muscat au London wakisema wanachangishana, mimi huwaambia walete mapema kabisa au wasilete. Muamala unaoingia ndani ya siku hizo, hata ukiwa mdogo, utakugharimu maelezo mengi kuliko thamani yake.

Hatua ya 6: Takrima imekufa, isifufuliwe kwa jina jingine

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, kwamba mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa desturi za Kiafrika, hiyo si rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na LEAT na NOLA, mashirika mengine mawili ya wanasheria, wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu vile, kwa kuwa vilimbagua mgombea maskini na vilikuwa vinafungua mlango wa rushwa. Nakubaliana na uamuzi ule kwa moyo wote. Ukarimu wa kweli hausubiri mwezi wa kampeni.

Sheria ya 2010 ikaendelea pale: kumpa mpiga kura fedha, zawadi au ahadi ya kitu ili akuchague ni kosa, na hilo linahusu kura za maoni pia. Ndiyo maana ukisikia "pesa ya maji kwa wajumbe" au "nauli ya akina mama", kazi yako ni kufunga mkoba. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hawatakuuliza uliita jina gani.

Posho ya timu ya kampeni ni jambo jingine. Dereva, fundi mitambo, wapiga debe na mawakala wanafanya kazi. Tengeneza orodha yao kabla ya kampeni kuanza, kila mmoja na kazi yake na kiwango chake cha siku, na kila malipo yasainiwe. Mtu asiyekuwa kwenye orodha halipwi, hata awe mjomba wa mgombea. Fulana zenye picha ya mgombea naziandika kama vifaa vya kampeni, kwa idadi na bei. Vitenge vya kugawa kijijini mimi sivilipii. Na magari ya kampeni siku ya kura yakae nyumbani. Mgombea asibebe wapiga kura.

Kama mgombea wako ni mbunge anayetetea kiti, angalia pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Ile ni fedha ya Serikali. Mabati yaliyonunuliwa na mfuko huo hayakabidhiwi kwenye mkutano wa kampeni.

Hatua ya 7: Saa moja ya kila jioni

Kila jioni, kampeni ikiwa mbali kiasi gani, kaa na watu watatu: dereva, mtu wa vifaa na anayeshika fedha ndogondogo. Kila mmoja atoe risiti zake mfukoni. Linganisha na fedha aliyoondoka nayo asubuhi. Kilichobaki kirudi.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kila panapowezekana. Kwa mama ntilie au mwenye jenereta kijijini asiye na mashine, tumia hati ya malipo: jina, kazi, kiasi, namba ya simu, saini au dole gumba.

Halafu toa nakala ya kila risiti ya EFD siku hiyohiyo, au ipige picha iliyo wazi. Maandishi ya karatasi ile hufutika kwa jua na joto. Uchaguzi mmoja niliweka bahasha ya risiti kwenye dashibodi ya gari, jua la Septemba likaipiga wiki nzima. Nilipoifungua, arobaini na tatu zilikuwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Nililazimika kurudi kituo kimoja cha mafuta baada ya kingine nikiomba nakala, na vitatu kati yao havikunipa.

Hatua ya 8: Marejesho, ushinde au ushindwe

Aliyeshindwa huona kazi imeisha. Haijaisha. Mgombea alipewa siku 60 tangu siku ya uchaguzi kuwasilisha kwa chama mchanganuo wa mapato na matumizi yake, na chama kikapewa siku 180 kuwasilisha kwa Msajili hesabu zilizokaguliwa. Anza wiki ya kwanza, watu wa timu wakiwa bado wanapokea simu.

Lipa madeni yote kwanza, au yaandike kama madeni, kwa jina la anayedai. Jumlisha kila fungu: usafiri, mikutano, machapisho, matangazo, posho, michango ya vitu. Linganisha jumla ya mapato na ile ya matumizi, kisha linganisha na taarifa ya benki na ya simu. Pakiwa na tofauti, iandike na uieleze. Mkaguzi anaweza kuishi na tofauti iliyoelezwa. Mgombea asaini kila ukurasa baada ya kusoma, si kabla.

Peleka seti mbili kwa katibu wa chama wa wilaya, moja ibaki kwake, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako. Hakikisha muhuri una tarehe inayosomeka, kisha ukaiweke nakala hiyo pamoja na daftari na risiti zote mahali pasipofika jua wala mvua.