Jinsi ya kujifunza mruko wa Salchow kwa patini za magurudumu, Goma

Mruko huu, ambao mtelezaji huzunguka mara moja hewani, unabeba jina la Ulrich Salchow wa Uswidi, aliyeuruka kwenye barafu mwaka 1909. Goma haina barafu, lakini patini za magurudumu manne zinatosha, kwa kuwa ncha ya kiatu haigongi chini: nguvu yote hutoka katika mwegemo wa mguu wa kushoto. Maelezo haya yanamfaa anayezungukia kushoto na ambaye tayari anateleza kinyumenyume bila kutazama miguu yake.

Tafuta uwanja wa saruji laini na uufagie mwenyewe, kwani punje moja ya changarawe ya lava hufunga gurudumu ghafla kuliko breki. Vaa kofia ngumu na kinga za magoti na za mikono. Legeza kidogo nati inayobana raba chini ya kiatu, si ile inayoshika gurudumu, ili patini ikubali kuegemea.

Kwanza, chora kwa chaki duara lenye upana wa mita nne hivi. Ufuate mstari huo ukienda mbele kwa mguu wa kushoto, juu ya magurudumu ya nje, kisha ugeuke juu ya mguu huohuo na kurudi nyuma kwa magurudumu ya ndani. Ukijikuta umeingia ndani ya duara, ujue bega la kulia limetangulia.

Pili, tulia. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu, kwa sababu hurusha mguu mara tu wanapogeuka, na mruko wote huishia kuwa mzunguko wa chinichini. Mkono wa kushoto uwe mbele, wa kulia nyuma, mguu wa kulia umenyooka nyuma, na goti la kushoto limekunjwa. Irudie sehemu hii peke yake, bila kuruka, hata kwa wiki kadhaa. Kwangu mimi, hii ndiyo Salchow yenyewe.

Tatu, leta mguu wa kulia mbele kwa kuuzungusha chini na kwa upana, pamoja na mikono yote miwili, na uruke kwa kunyoosha goti la kushoto paja la kulia linapopita mbele ya mwili.

Tua kwa mguu wa kulia ukirudi nyuma, juu ya magurudumu ya nje, goti limekunjwa, uzito ukiwa mbele ya unyayo na si kisiginoni. Usifikirie mizunguko miwili kabla hujaweza kutua na kuendelea kurudi nyuma kwa mkunjo uleule, bila kugusa chini kwa mguu wa kushoto.