Kumzoea mzee wa jirani: anza na bao, maneno yatakuja

Kijana aliyetoka Micheweni, Pemba, kuja kukaa kwa shangazi yake Michenzani, mjini Unguja, ili asome, anaweza kumaliza miezi hana mwenzake. Nyumba ya pili yupo mzee ambaye watoto wake wamehama na wa rika lake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Wote wawili wanashinda kimya. Wa kuanza ni kijana, kwa sababu salamu huanza kwa mdogo.

Wiki ya kwanza salimia tu. Pita mbele ya baraza yake wakati ule ule kila siku, bora baada ya sala ya alasiri, kiasi cha saa kumi na nusu. Mchana wazee wengi hulala, na ikikaribia magharibi anatafuta udhu. Simama kabisa, usisalimie huku unatembea. "Asalaam aleykum babu, shikamoo." Ngoja marahaba yako ndipo uende. Akikuuliza "Wewe mtoto wa nani?" usione anakuchunguza, anatafuta pa kukuweka. Mpe jina lako, la baba, la babu, na kijiji. Visiwa vyetu ni vidogo, na katika majina matatu aghalabu hupata mtu anayemjua.

Wiki ya pili shangazi ajue na akubali. Njia nyepesi ni sahani: akutume na mihogo ya nazi au maandazi, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, utakuwa na sababu ya kurudi. Ramadhani ni rahisi zaidi, peleka futari kabla ya adhana. Ila ulizia kwanza kama ana sukari au presha, maana kaimati zilizoloweshwa shira zaweza kumdhuru na yeye akaona haya kuzikataa.

Mvulana aende kwa babu, msichana kwa bibi, na mkae barazani watu wakipita. Mtu mzima akikwambia ufiche ziara zenu, au akikuita ndani peke yako, ondoka na umwambie shangazi siku hiyo hiyo. Hili halina haya wala heshima ya kulinda.

Sasa bao. Vijana wengi hukosea hapa: huenda wakakaa, wakaishiwa na maneno baada ya dakika tano, wakaona aibu wasirudi tena. Mkiwa na ubao katikati, kimya hakimsumbui mtu. Basi usimwombe mazungumzo, mwombe akufundishe.

Kabla hujaenda, jua kupanga. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane; safu mbili zako, mbili zake. Kete ni 64, mara nyingi komwe, zile mbegu ngumu za kijivu, na kila mmoja ana 32. Katika safu yako ya mbele, shimo la tano kutoka kushoto ndilo nyumba, na kwenye mbao nyingi limechongwa mraba. Tia humo kete 6, kisha 2 katika shimo linalofuata kulia, na 2 katika jengine la mbele yake. Zinabaki 22 za akiba, ambazo huingia ubaoni moja moja katika hatua ya namua. Zikisha, mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu.

Katika namua, kula ni hivi: tia kete moja katika shimo lako la mbele ambalo lina kete na linatazamana na shimo la mwenzako lenye kete pia. Zile zake unazichukua na kuzigawa upande wako moja moja, kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni yake. Kosa la mwanafunzi ni kuacha kula ili ailinde nyumba. Ikiwa kuna cha kuliwa, lazima ule.

Kosa jengine ni kuchekea na kujifanya umeelewa. Mkono wa mzee aliyezoea hupita juu ya mashimo kama anapanda mtama, unasikia tu komwe zinagonga mbao, ta, ta, ta, na ukikodoa macho ameshalala. Sema, "Babu, nirudishie ile, taratibu." Atarudisha, na hapo ndipo hadithi zinapoanza: nani alimfundisha, alichezea wapi, nani hakufungika mtaa mzima. Usimwachie ashinde kwa huruma, atajua. Michezo miwili inatosha kwa siku. Ondoka wakati bado anataka wa tatu.

Kwa bibi, ukili, ule utepe wa miyaa iliyosukwa, hufanya kazi ile ile. Miyaa itiwe maji kidogo kabla ya kusuka, kavu hukatika. Anza na ukili mwembamba wa mkoba, mkeka unataka pima nyingi na utakata tamaa. Bibi akiufumua ulioshinda ukiusuka, usinune, usuke tena mbele yake.

Sikio likiwa zito, usipige kelele. Kaa upande anaosikia, uso wako uwe kwenye mwangaza, useme polepole. Akirudia hadithi, muulize kitu ambacho mara ya kwanza hakukisema. Simu weka mfukoni.

Kusaidia nako kuna kiasi chake. Ukianza kumfagilia, kumtekea maji na kumbebea kila kitu, utageuka mtumishi, naye atajiona mzigo. Kazi moja ya kudumu yatosha. Pensheni jamii, malipo ya serikali ya Zanzibar yaliyoanza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ni mfano mzuri: msindikize kupokea, lakini pesa azishike na azihesabu mwenyewe. Namba ya siri ya simu yake usiijue hata akikulazimisha. Siku shilingi zikipungua, atakayetazamwa ni wewe.

Mitihani ya skuli ikikaribia, au ukienda Pemba kwa sikukuu, muage na umtajie siku ya kurudi. Siku hiyo pita kwake alasiri hata kama begi bado unalo mkononi, kwa sababu ubao atakuwa ameshautoa nje.